UZI: Saijo, mtaa wa sake (kileo cha mchele) kule Japani. Msije Oktoba tu, njooni mvuke ukiwa unatoka

#1 Dada_wa_Saijo (mleta uzi)

Wadau, heshima kwenu nyote.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo naomba niandike kuhusu mji ninaoishi, maana kila mtu akiuliza "Japani twende wapi" majibu ni yale yale: Tokyo, Kyoto, mlima Fuji, basi. Nasoma Chuo Kikuu cha Hiroshima. Wengi hawajui kwamba kampasi yetu kuu haipo Hiroshima mjini, ipo Higashihiroshima, zaidi ya kilomita 30 kuelekea mashariki, na stesheni yake inaitwa Saijo. Huu ni mwaka wangu wa tatu.

Ukishuka Saijo, toka upande wa kusini, kata kushoto, tembea dakika mbili tatu. Kitu cha kwanza utakachokiona ni dohani. Dohani ndefu za matofali mekundu, kila moja imeandikwa jina la kiwanda chake kwa rangi nyeupe kuanzia juu hadi chini. Viwanda vya sake viko saba: Kamotsuru, Hakubotan, Saijotsuru, Kamoizumi, Fukubijin, Kirei na Sanyotsuru. Vyote unavifikia kwa miguu. Hakubotan imeanza 1675. Barabara yenyewe ni njia ya kale ya Saigoku, waliyopita mabwana wa zamani na misafara yao kuelekea mji mkuu, na hapa palikuwa kituo cha kulala. Reli ilipofika mwaka 1894, sake ya Saijo ikapata njia ya kwenda mbali, na hapo ndipo maghala yalipoanza kuongezeka.

Wenyewe wanauita Sakagura-dori, yaani mtaa wa maghala ya sake. Kuta ni nyeupe za chokaa. Sehemu ya chini wamebandika vigae vyeusi, na kwenye maungio ya vigae wamepaka chokaa nene iliyotuna kama mshipa. Mtindo huo unaitwa namako, na namako ni jongoo bahari. Watu wa pwani mtaelewa mara moja kwa nini wakauita hivyo. Mapaa ni ya vigae vyekundu vya kahawia vinavyong'aa, kwa sababu Saijo iko juu juu kidogo na baridi yake inapasua vigae vya kawaida.

Sasa sababu hasa ya kufungua uzi. Wageni wengi huja Oktoba kwenye tamasha la sake. Lilianza 1990, linafanyika Jumamosi na Jumapili, na watu wanajaa kiasi kwamba stesheni inakuwa kama Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Sawa, njooni. Lakini mimi nasema njooni Januari au Februari, kwa sababu mtaa huu si makumbusho. Ni mahali pa kazi, na kazi yenyewe ni ya majira ya baridi.

Januari hii nilipita pale Jumamosi saa moja na nusu asubuhi. Barafu nyembamba kwenye mifereji. Nikasikia harufu kabla sijaona kitu: harufu ya wali unaokaribia kuiva, ile inayokupata kabla hujafunua sufuria, ila bila nazi wala chumvi. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye madirisha ya juu unapanda sambamba na dohani. Mlango mmoja ulikuwa wazi nusu. Ndani mzee mmoja mwenye kofia nyeupe na buti za mpira alichota wali kiganjani, akaukanda kwa kisigino cha mkono kama mtu anayefinya tonge la ugali, ukawa kipande bapa. Akakiinua kwenye mwanga, akakitazama, akamwambia kijana neno moja tu. Kijana akaanza kuupakua kwa sepetu.

Baadaye nikaambiwa pale alikuwa anapima. Mchele wa sake hauchemshwi, unapikwa kwa mvuke, nje uwe mkavu na ndani uwe laini. Ukiteleza mikononi, siku imeharibika.

Nipo, ulizeni.

#2 Ndizi_Mshare

Dada, huu ndio uzi. Mimi ni wa Kibosho na nimekua nikimwona bibi akipika mbege, kwa hiyo naomba unifafanulie. Sisi utamu tunaupata kwenye ndizi, halafu tunatia mso wa ulezi. Ulezi unaloweshwa, unachipua, unaanikwa, unasagwa: kimea. Bila kimea hupati kitu. Hao Wajapani mchele wameukoboa mpaka ukawa mweupe, hauwezi kuchipua tena. Sukari inatoka wapi?

#3 Dada_wa_Saijo

Mkuu Ndizi_Mshare, umeuliza swali ambalo mimi lilinichukua mwaka mzima kulielewa.

Inatoka kwenye ukungu. Wana ukungu wao unaoitwa koji. Wali ukishapoa kidogo wanaupeleka kwenye chumba cha mbao chenye joto kama la kwetu Dar mwezi wa pili, wanaunyunyizia vumbi la mbegu za ukungu huo, laini kama unga wa poda. Kwa siku mbili hivi, usiku na mchana, wanaugeuza, wanautandaza, wanaufunika. Ukungu unaota ndani ya punje. Mwishoni kila punje inakuwa na manyoya meupe mafupi na inanukia kama karanga zilizochemshwa. Nilipewa punje tatu nitafune: tamu. Kazi ambayo kwenye mbege inafanywa na kimea cha ulezi, hapa inafanywa na koji. Inauvunja wanga uwe sukari.

Tofauti kubwa inakuja baada ya hapo. Koji, wali, maji na hamira vinakaa pamoja pipa moja. Koji inatoa sukari, na hamira inaila papo hapo na kutoa kileo, kwa wakati mmoja, wiki tatu hadi tano. Ndiyo maana sake inaweza kufika kileo cha asilimia 20 hivi bila kuikeneka. Halafu wanaongeza maji, inashuka mpaka 15 au 16. Na hawatii kila kitu siku moja. Wanatia kwa mafungu matatu ndani ya siku nne, na siku ya pili hawatii chochote, wanaiacha hamira izaliane. Siku hiyo wanaiita "ngoma", odori. Ukiinama juu ya pipa unaona povu linacheza kweli.

#4 Ndizi_Mshare

Siku ya kuacha ngoma icheze. Bibi naye alikuwa na siku ya kutoigusa, na ukisogelea pipa anakufukuza. Hakuwahi kuniambia sababu, nami sikuuliza. Asante sana dada.

Swali dogo: mbege siku ya tatu imeshachachuka. Yao inakaaje chupa miezi?

#5 Dada_wa_Saijo

Wanaipasha moto, nyuzi 60 na kitu, haichemki. Kwa kawaida mara mbili, kabla ya kuihifadhi na kabla ya kuitia chupani. Na hili linanisisimua kila nikilifikiria: Wajapani waliandika habari za kupasha sake moto karne ya 16, miaka 300 kabla ya mwanasayansi Pasteur kueleza jambo hilo hilo kule Ufaransa. Hawakujua bakteria ni nini. Walijua tu ukiipasha, haiharibiki.

Ile isiyopashwa kabisa inaitwa nama, na hupatikana zaidi majira ya baridi. Hiyo nayo ni sababu ya kuja Februari.

#6 BahariYaTanga

Assalaam alaykum dada yangu. Nimesoma yote kwa utulivu. Mimi ni Mwislamu, situmii kilevi, lakini mwakani mwezi wa pili inshallah nitakuwa Hiroshima kwa mafunzo ya wiki tatu. Napenda sana majengo ya kale, nimekulia nyumba ya chokaa na boriti. Je, mtu kama mimi ana la kufanya mtaa huo, au nitakuwa nasumbua watu na biashara yao? Nijibu kwa ukweli.

#7 Dada_wa_Saijo

Wa alaykum salaam kaka. Swali la heshima, nalijibu kwa ukweli.

Njoo. Hakuna atakayekulazimisha kuonja. Ukisema unaendesha gari, au hunywi, wanainamisha kichwa na kukuletea maji au chai. Hapa sheria ni kali mno: chini ya miaka 20 hapewi, dereva hapewi, hata mwenye baiskeli hapewi, na anayempa dereva naye ana kosa. Kwa hiyo kusema "sinywi" ni jambo la kila siku.

Nakupa tahadhari tatu tu.

Kwanza, kuna kinywaji cha moto kinaitwa amazake. Kuna ya aina mbili. Ya koji haina kileo, ni tamu kama uji wa mchele. Nyingine inatengenezwa kwa machicha ya sake, na hiyo kileo kinabaki. Zinafanana kwa macho. Uliza: "Kome-koji?" Ukijibiwa "sake-kasu", acha.

Pili, chakula maarufu cha mtaa huu ni bishu-nabe. Zamani kilikuwa chakula cha wafanyakazi wa viwandani: nyama na mboga kwenye sufuria pana, chumvi, pilipili manga, na sake badala ya maji. Kileo kinakwenda na mvuke ili ladha ibaki kwenye chakula. Lakini kina nguruwe na kina sake. Hicho si chako.

Tatu, hata peremende na keki za madukani pale nyingi zina sake. Soma au uliza.

Zaidi ya hayo mtaa wote ni wako. Na kuna kitu ambacho nadhani wewe utakifaidi kuliko mnywaji yeyote: visima. Kila kiwanda kina kisima chake, na vingi vina bomba au birika la jiwe nje ambapo mpita njia anaruhusiwa kunywa. Wenyeji wanakuja na madumu asubuhi, wanateka ya kupikia wali na chai. Mvua na theluji ya mlima Ryuo inazama ardhini inatokea hapa chini. Mtaa huu upo kwa sababu ya maji hayo.

Tena ukinywa maji ya visima viwili vilivyo mita mia kutoka kimoja hadi kingine, hayafanani.

#8 FundiKinu

Salamu kutoka Mbarali, Mbeya. Mimi kazi yangu ni mashine za kukoboa mpunga, mwaka wa 19 huu. Nimesoma "Higashihiroshima" nikasimama. Si ndiko inakotoka Satake? Jina hilo nimeliona kwenye mashine tangu nikiwa mwanagenzi, na za kuiga zake nimezifungua na kuzifunga hata sihesabu.

#9 Dada_wa_Saijo

Fundi, ndiko hasa! Makao makuu ya Satake yako hapa Saijo. Na si bahati mbaya. Mwaka 1896 Satake Riichi, mtu wa hapa hapa, alitengeneza mashine ya kwanza Japani ya kukoboa mchele kwa nguvu ya injini. Kabla yake ilikuwa vinu vya kukanyaga kwa mguu na vinu vya maji. Watengeneza sake wa Saijo ndio waliokuwa na shida hiyo, kwa sababu mchele wao lazima ukobolewe kupita wa kula.

Mchele wa kula unaondoa asilimia 10 hivi. Sake inayoitwa ginjo lazima punje ibaki asilimia 60 au pungufu. Daiginjo, 50 au pungufu: nusu ya punje imekwenda. Niliwekewa kiganjani mchele wa daiginjo kabla ya kupikwa. Ni mviringo mdogo mweupe kama shanga, huwezi kudhani ni mchele.

#10 FundiKinu

Nusu! Mimi mteja akiona chenga zimezidi kidogo ananijia juu. Wanaondoaje nusu bila kuvunja punje? Na kwa nini wauondoe? Ladha ya mchele si iko huko nje?

#11 Dada_wa_Saijo

Kwa polepole, fundi. Kufikia asilimia 50 mashine inasaga siku mbili hivi mfululizo. Wakiharakisha punje inapata joto, inapasuka. Ikitoka kwenye mashine hawaitumii palepale, wanaiacha ipumzike wiki kadhaa mpaka unyevu wake urudi.

Na umesema kweli, ladha iko nje. Mafuta na protini ziko tabaka la nje, na ndizo zinazoupa wali utamu mdomoni. Kwenye sake zinaleta ukali na uzito. Wanachokitaka ni wanga wa katikati. Pumba za nje zinakwenda kwenye achari na mafuta, na unga mweupe wa ndani unanunuliwa na waoka biskuti za mchele. Hakuna kinachotupwa.

#12 Nyanza_Kwetu

Niko Kisumu. Kamotsuru ndiyo ile sake Obama alipewa Tokyo?

#13 Dada_wa_Saijo

Ndiyo ndugu. Aprili 2014, waziri mkuu Abe alimpeleka Obama kula sushi Ginza, na sake waliyokunywa ni Kamotsuru ya dhahabu, daiginjo waliyoanza kuiuza 1958. Ndani ya chupa kuna vipande viwili vya karatasi ya dhahabu halisi, vimekatwa umbo la ua la mcheri. Ukimimina vinaelea. Duka lao liko hatua chache kutoka stesheni, na wanajivunia habari hiyo mpaka leo.

#14 Kobe_Mpaka_Moshi

Mleta uzi hongera. Mimi nimeishi Kobe miaka minane, karibu na Nada, na naomba nilete habari ya maji, maana bila hiyo hadithi ya Saijo haijakamilika.

Nada ndiyo ilikuwa mfalme wa sake Japani tangu enzi za Edo. Maji yake, miyamizu, ni magumu kiasi, yana potasiamu na fosforasi ya kutosha, na karibu hayana chuma. Hamira inakula madini hayo inakwenda mbio. Sake ya Nada inatoka kavu, yaani haina utamu mwingi, tena yenye nguvu, watu wanaiita sake ya kiume. Maji ya upande wa Hiroshima ni laini, hamira inasinzia. Na pipa ambalo hamira yake imesinzia, wadudu wengine wanaliingia.

Kuna mtu anaitwa Miura Senzaburo (1847–1908), wa Mitsu, bandari ndogo kusini mwa Saijo. Alianza kutengeneza sake na mapipa yake yakawa yanaharibika mwaka baada ya mwaka. Akaenda Nada kujifunza, akarudi, akafuata kila hatua kama alivyoiona. Yakaharibika tena. Ndipo akaelewa kwamba tofauti ni maji. Akaacha kuiga. Akaifanya koji iingie mpaka kiini cha punje, akaweka pipa kwenye baridi, akaliacha lichache taratibu. Sake ikatoka laini, yenye harufu ya matunda.

#15 Dada_wa_Saijo

Mkuu umenitangulia, na nimefurahi umeieleza wewe. Niongeze jambo moja, ndilo linalonifanya nimpende huyu mzee. Mwaka 1898 aliandika kitabu akaeleza njia yake yote, hatua kwa hatua, akawapa watengeneza sake wenzake. Mtu aliyepata hasara miaka yote hiyo, siku alipoijua siri, aliitoa. Mwaka 1907 yalipofanyika mashindano ya kwanza ya sake ya nchi nzima, Hiroshima ikashika nafasi za juu, na Nada ikashangaa.

#16 Kobe_Mpaka_Moshi

Sahihi kabisa. Marekebisho madogo ili wasomaji wasichanganye: maji laini sana ni ya Mitsu. Ya Saijo yenyewe ni magumu kidogo kuliko ya Mitsu, ila bado laini kuliko ya Nada. Saijo ilichukua njia ya Miura na mashine ya Satake, na maji yake yako katikati. Ndiyo maana ukionja Saijo hupati kitu kimoja.

#17 Dada_wa_Saijo

Nakubali, asante. Na moyo ule wa Miura uliendelea hapa. Fukubijin ilianzishwa 1917 kwa hisa za watengeneza sake wengi, na mafundi wengi walijifunzia pale hata wakaiita shule ya sake ya Saijo. Mwaka 1995 taasisi ya taifa ya utafiti wa sake nayo ilihamia mji huu kutoka Tokyo.

#18 MamaNtilie_Osaka

Habari zenu wapendwa. Mimi swali langu ni la kike. Nimewahi kusikia mwanamke haruhusiwi kuingia kwenye ghala la sake. Ni kweli? Wewe dada umeingiaje?

#19 Dada_wa_Saijo

Dada yangu, ilikuwa kweli kwa karne nyingi. Fundi mkuu anaitwa toji, na kikosi chake chote kilikuwa wanaume, wakulima na wavuvi waliokuja msimu wa baridi, wakalala ghalani mpaka machipuko. Mwanamke haingii.

Sasa nenda Akitsu, ile Mitsu ya Miura ni sehemu yake, na siku hizi iko ndani ya Higashihiroshima. Kuna kiwanda cha tangu 1868 kinachotengeneza sake inaitwa Fukucho, na jina hilo lilitolewa na Miura mwenyewe. Toji wake ni Imada Miho, mwanamke. Amefufua mchele wa kale wa Hiroshima, hattanso, uliokuwa umeachwa kulimwa. Mwaka 2020 BBC ilimweka kwenye orodha yake ya wanawake 100. Kijiji kile kile kilichotoa vikosi vya wanaume peke yao.

Mimi Saijo niliingia na kundi la wanafunzi. Tulivaa kofia na viatu vya ndani, tukanawa mikono mara mbili. Nilipopita kizingiti mama mwenye kiwanda alinishika mkono akasema kwa Kijapani, "ingia, ingia."

#20 Mgeni_Fukuoka

Ushauri kwa wanaopanga kutembelea ndani ya ghala lolote, Saijo au kwingineko: asubuhi hiyo MSILE NATTO. Zile maharage za soya zinazovuta nyuzi. Mimi nilikula hotelini, nikafika kiwanda kimoja, mwenyeji akauliza tumekula nini. Nikasema ukweli. Akaniomba radhi mno, akaniacha chumba cha mapokezi wenzangu wakaingia. Niliumia, nilikuwa nimesafiri saa tatu. Baadaye nikaelewa. Bakteria wa natto ni sugu, akiingia chumba cha koji anaishinda koji na kazi ya msimu mzima inakuwa hatarini.

#21 Dada_wa_Saijo

Pole sana ndugu. Ni kweli, wafanyakazi wenyewe hawaigusi msimu mzima. Ungesema uongo pasingejulikana mpaka pipa liharibike. Asante kwa kuwaambia ukweli.

#22 Kijana_Mbagala

Wakuu, nikiwa Japani naweza kununua koji nikajitengenezea chumbani? Nauliza tu.

#23 Kobe_Mpaka_Moshi

Usithubutu mdogo wangu. Koji inauzwa madukani kihalali kwa amazake, achari na miso. Lakini kutengeneza kileo nyumbani bila leseni kumekatazwa tangu 1899, na ni kosa mpaka leo, hata kama ni kwa kunywa mwenyewe. Wewe ni mgeni wa viza. Nenda dukani.

#24 Ndizi_Mshare

Dada, nieleze ule mpira wa majani unaoning'inia mlangoni. Nimeuona kwenye picha nikadhani ni mzinga wa nyuki.

#25 Dada_wa_Saijo

Unaitwa sugidama. Ni vijiti vya mti wa sugi vilivyofungwa na kukatwa mviringo. Sake mpya ya msimu ikitoka wanatundika mpya, kijani kibichi. Miezi inavyokwenda unakauka, unakuwa wa kahawia. Mpita njia akiutazama anajua sake iliyomo ndani ina umri gani, hana haja ya kuuliza.

Kitu kingine cha kutazama ni kikombe cha kuonjea. Cheupe, na kitakoni ndani kina duara mbili za buluu. Si urembo. Ukimimina sake, weupe unakuonyesha rangi yake, na ukingo wa buluu unakuonyesha kama sake imetibuka. Kingo zikiwa kali kama wembe, sake ni safi.

Usafiri, kwa walioniuliza pembeni: kutoka Hiroshima panda treni ya kawaida ya JR Sanyo, dakika 40 hivi, yeni 600 hivi. Msidanganyike na stesheni ya Higashi-Hiroshima ya Shinkansen (treni ya mwendo kasi). Iko mbali na mtaa, itabidi basi au teksi. Kuonja, kwingine ni bure, kwingine unalipia kidogo. Kamoizumi wana jengo la 1929, Shusenkan, la kukaa na kuonja kwa utulivu, ila hulifungua mwisho wa wiki. Hao ni miongoni mwa waliorudisha junmai, sake isiyoongezwa kileo, wakati baada ya vita karibu kila mtu alikuwa anaongeza. Ukiwa na nusu saa, vuka reli uende hekalu la Mitate, kuna madhabahu ya mungu wa sake wanayemwomba kabla ya msimu.

#26 BahariYaTanga

Assalaam alaykum tena, wapendwa. Ni mwaka umepita, uzi umeshuka chini, naufufua. Alhamdulillah nilifika. Jana, Jumapili, nimekwenda Saijo.

Dada, mvuke niliukosa, Jumapili nilichelewa kuamka. Lakini harufu ya wali ilikuwapo, imebaki kwenye kuta.

Nilikwenda kwenye visima kama ulivyoniambia. Nilianza na bomba la nje karibu na stesheni. Maji baridi mpaka meno yanauma, mepesi, yanapita bila kusema kitu. Kisha Saijotsuru, wana kisima kinachoitwa kwa jina la enzi ya Tenpo. Haya yalikuwa tofauti kabisa, yana uzito, yanakaa kidogo ulimini halafu yanaacha utamu nyuma. Nikarudi kile cha kwanza kuhakikisha. Nikarudi tena Saijotsuru. Mama mmoja mtu mzima alikuwa pale na madumu matatu kwenye kigari. Aliniona nikienda na kurudi, akacheka kidogo, akanipa kata yake ya bati ninywe vizuri badala ya kiganja. Sikujua neno la kumwambia zaidi ya arigato. Nikamsaidia kuinua madumu.

Ukuta wa namako niliugusa. Chokaa yao ni laini kuliko yetu, wanachanganya na gundi ya mwani. Fundi mmoja aliyekuwa anaziba ufa alinionyesha ndoo yake. Nimepiga picha 40 za maungio peke yake. Nikifika Tanga nitaziweka hapa, kuna mzee wa mtaani kwetu anayetengeneza chokaa ya matumbawe, nataka azione kwanza.

#27 Dada_wa_Saijo

Wa alaykum salaam kaka yangu. Mama huyo namfahamu kwa sura, huja kila Jumapili na kigari hicho. Nikimwona nitamsalimia kwa niaba yako. Picha tunazisubiri.